Vitunguu vya majani kutoka mbegu: mwongozo kamili wa kuotesha miche kwenye trei

Mbegu ya kitunguu ikisiwa moja kwa moja shambani, magugu huwahi kabla yake. Huchukua siku 7 hadi 14 kuchomoza, na kinachochomoza ni uzi mmoja wa kijani usioweza kulitia kivuli hata jani la ukoka. Mkulima akija na jembe hajui apalilie wapi. Trei ya miche huondoa taabu hiyo: kitunguu hupita wiki zake dhaifu juu ya meza, kisha huingia tutani kikiwa kirefu kuliko magugu.

Mwongozo huu unahusu vitunguu vya majani, vile vinavyouzwa kwa fungu vikiwa na shina jeupe na majani mabichi. Jambo tunalolisisitiza kuliko yote ni moja: usisie mbegu moja kwa kila tundu. Sia kundi, pandikiza kundi, vuna kundi.

Kwa nini kundi

Mizizi ya kitunguu hutoka kwenye kitako ikiwa minyoofu, haitoi matawi mengi, na haina vinyweleo vya kutosha kushika udongo. Ukiotesha mche mmoja kwenye tundu, siku ya kuuchomoa udongo humomonyoka na mche hubaki mkononi mizizi ikiwa uchi. Miche saba au minane ikikaa pamoja, mizizi yao hujaza tundu, na bonge hutoka zima likiwa limeshikana. Bonge likitoka zima, mche hausimami kukua baada ya kupandikizwa.

Faida nyingine utaiona kwenye kazi. Vitunguu 1,400 vikipandwa kimoja kimoja ni mashimo 1,400. Vikipandwa kwa makundi ya saba ni mashimo 200, na siku ya kuvuna kila kundi linakaribia kuwa fungu. Vitunguu hivi havihitaji nafasi ya kunenepa kichwa, kwa hiyo husukumana pembeni vinapokua bila kuharibiana.

Sia mbegu 8 kwa tundu, utarajie miche 6 hadi 7. Chini ya 5 unapoteza nafasi ya trei na ya tuta. Zaidi ya 12, vitunguu vya katikati hubaki vyembamba na majani ya ndani hayakauki baada ya mvua, na hapo ndipo ukungu huanzia.

Piga hesabu kabla ya kununua chochote

Chukua tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Panga mistari 4 iliyoachana sentimita 25, na kwenye mstari acha sentimita 20 kutoka kundi hadi kundi. Kila mstari unabeba makundi 50, tuta zima 200. Trei mbili za matundu 128 zina matundu 256, kwa hiyo unabaki na makundi 56 ya kuzibia mapengo. Matundu 256 mara mbegu 8 ni mbegu 2,048. Gramu moja ya mbegu ya kitunguu huwa na mbegu takribani 250 hadi 400 kulingana na aina, hivyo pakiti ya gramu 10 inatosha na ya jaribio la uotaji inabaki.

Ukitaka kuvuna mfululizo, usisie trei zote siku moja. Sia moja kila baada ya wiki mbili au tatu. Kitunguu cha majani kikishafika ukubwa wa soko hakingojei mnunuzi kwa muda mrefu.

Mbegu

Kuna makundi mawili madukani. La kwanza ni kitunguu cha majani halisi, Allium fistulosum, kisichotunga kichwa hata kikizeeka. Hutoa machipukizi pembeni na shina hubaki nyoofu. Aina kama Ishikura na Evergreen ziko hapa. La pili ni vitunguu vya kawaida, Allium cepa, vinavyovunwa vikiwa vichanga. White Lisbon ndiyo inayojulikana zaidi katika kundi hili.

Usichukue Red Creole, Bombay Red au Mang'ola Red ukadhani utavivuna mapema viwe vya majani. Hizo zimechaguliwa kutunga kichwa kwenye siku fupi, na kwetu karibu na ikweta mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Zikibanana kidogo au zikipata kiu, huanza kuvimba kitako zikiwa bado ndogo, na mnunuzi wa vitunguu vya majani hataki kichwa.

Mbegu ya kitunguu huzeeka haraka kuliko mbegu nyingi za mboga. Ikikaa mwaka mmoja kwenye rafu ya duka lenye joto, inaweza kuwa imepoteza sehemu kubwa ya uotaji wake. Soma tarehe kwenye pakiti, na angalia lebo ya mamlaka ya mbegu: TOSCI kwa Tanzania, KEPHIS kwa Kenya. Pakiti iliyofunguliwa dukani na kupimwa kwa kijiko, iache.

Hata hivyo jaribu mwenyewe. Hesabu mbegu 20, zipange juu ya kitambaa chenye unyevu, kunja, tia ndani ya mfuko wa plastiki na uweke mahali pa kivuli. Baada ya siku 7 hadi 10 hesabu zilizoota. Zikiwa 16 au zaidi, sia 8 kwa tundu. Zikiwa 12 hadi 15, sia 10 au 11. Zikiwa chini ya 12, nunua nyingine. Ukisia nyingi kufidia utapata matundu yenye miche 12 na mengine yenye miwili, na miche itakayoota kwa kuchelewa haitawafikia wenzake.

Mbegu zilizobaki zitie kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana pamoja na mchele mkavu uliokaangwa kidogo ukapoa kabisa. Mchele huo hunyonya unyevu. Chupa ikikaa kwenye friji, mbegu zitafika msimu ujao zikiwa na nguvu.

Trei na mahali pa kuiweka

Trei ya matundu 128 ndiyo inayofaa zaidi. Ya 200 inafaa kama una uhakika wa kupandikiza kwa wakati, kwa sababu tundu ni dogo, hukauka haraka na chakula huisha mapema. Ya matundu 66 au 72 ni nzuri kwa miche lakini inakula udongo na nafasi bila faida kwa zao hili, isipokuwa kama ndiyo uliyo nayo. Hapo sia mbegu 10.

Trei iliyotumika ioshe kwa brashi na sabuni mpaka mabaki ya udongo na mizizi yaishe, kisha iloweke kwa dakika 20 kwenye maji yaliyotiwa jiki, sehemu moja ya jiki kwa sehemu tisa za maji. Suuza, anika juani. Ukiruka usafi huu unahamisha vimelea vya kinyausi, ugonjwa unaoangusha miche michanga, kutoka kwa miche ya nyanya ya mwezi uliopita kwenda kwa vitunguu vya leo. Jiki haifanyi kazi kwenye uchafu, ndiyo maana brashi hutangulia.

Weka trei juu ya meza ya fito au ya waya, kimo cha magoti au zaidi, hewa ipite chini yake. Mzizi ukifika kwenye tundu la chini na kukutana na hewa kavu, ncha hukauka na mizizi mipya huota ndani ya bonge. Trei ikilala chini, mizizi huingia ardhini na siku ya kuinua hukatika. Meza pia inakuepusha na konokono na kuku, na kuku mmoja anatosha kuchakura trei nzima kwa dakika chache.

Udongo wa trei

Udongo wa shambani peke yake haufai. Kwenye tundu dogo hushikana, maji hutuama juu, na mizizi hukosa hewa. Mchanganyiko mzuri na rahisi kupatikana ni huu:

- kokopiti (makumbi ya nazi yaliyosagwa) iliyolowekwa na kuchambuliwa, sehemu 2
- mboji iliyoiva vizuri na kuchekechwa kwa chekecheke la matundu ya milimita 5, sehemu 1
- maganda ya mpunga yaliyochomwa hadi kuwa meusi bila kufika jivu, nusu sehemu, kama yapo

Trei mbili za 128 zinahitaji lita 8 hivi. Andaa lita 10 ubaki na za kufunikia mbegu.

Kokopiti ina jambo moja la kuangaliwa. Makumbi mengine hulowekwa kwenye maji ya bahari au ya chumvi kabla ya kusagwa, na mche wa kitunguu hauvumilii chumvi: huota, kisha ncha huungua na mche husimama. Kama huna uhakika wa chanzo, loweka kokopiti kwa maji safi mengi, iache usiku mmoja, mimina maji, rudia mara mbili. Kazi ni ya ndoo chache za maji, na inaokoa trei.

Mboji iliyoiva haina harufu ya samadi wala joto ukichomeka mkono. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta inzi wadogo ambao mabuu yao hula mizizi ya miche michanga. Kama huna kokopiti, tumia udongo wa juu sehemu 2, mboji 2 na mchanga mnene wa mto 1, ila udongo huo uuue vimelea kwanza: lowesha, utandaze unene wa sentimita 15 hadi 20, ufunike kwa plastiki angavu iliyobanwa kingo zote, na uache juani wiki 4 hadi 6 za kiangazi. Trei za udongo huu ni nzito na hukauka kwa mabaka, kwa hiyo kaa karibu nazo.

Lowesha mchanganyiko kabla ya kujaza. Kamata konzi, ukamue: udongo ubaki umeshikana na matone mawili matatu tu yatoke kati ya vidole. Ukijaza mkavu, utakapomwagilia utashuka nusu tundu na mbegu zitazama nao.

Kusia

Jaza trei mpaka ifurike, iinue sentimita 5 na uiachie mezani mara mbili ili udongo ujikalie, jaza tena, kisha pitisha ubao kukwangua ziada. Usikandamize kwa kidole gumba. Angalia hasa matundu ya pembeni na ya kona. Hayo ndiyo hujazwa nusu, hukauka kwanza, na hutoa miche mibaya kila mara.

Tengeneza vishimo vya kina cha sentimita 1. Njia ya haraka ni kuchukua trei tupu inayofanana nayo, kuiweka juu na kuikandamiza kidogo kwa viganja. Vishimo vyote hutoka kina kimoja, na miche huota siku moja au mbili tofauti badala ya wiki nzima.

Mimina mbegu kidogo kwenye karatasi ngumu iliyokunjwa katikati, iinamishe juu ya tundu na uigonge kwa kidole mbegu zishuke moja moja. Nane nane. Hesabu kwa makini matundu 10 ya kwanza. Baada ya hapo jicho linajua. Zikianguka 7 au 9 hakuna tatizo. Zitawanye kidogo ndani ya tundu, zisirundikane pamoja.

Funika kwa mchanganyiko uliochekechwa au mchanga mwembamba uliooshwa, sentimita 1 isizidi. Mbegu zikiwa juu mno, mche huchomoza na ganda likiwa limenata kichwani, na mzizi hujisukuma nje badala ya kuingia ndani. Zikiwa chini mno hutumia akiba yote njiani. Mwagilia kwa keni yenye rozi la matundu madogo, rozi likielekea juu ili maji yaanguke kwa upole.

Andika kwenye kijiti aina na tarehe. Trei tatu zilizosiwa wiki tofauti hufanana baada ya mwezi.

Kuota

Joto linalofaa ni nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi. Chini ya 10 mbegu karibu hulala. Zaidi ya 30 uotaji hushuka, na kadiri joto linavyozidi kupanda ndivyo mbegu nyingi zaidi hushindwa kuota. Kwa Lushoto, Njombe au Limuru shida ni baridi ya Juni na Julai, ambapo utasubiri wiki mbili. Kwa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa shida ni joto, hasa Januari hadi Machi. Trei nyeusi juani juu ya saruji hupata joto kubwa kuliko hewa inayoizunguka. Kwa pwani tunashauri kusia kuanzia mwisho wa masika hadi Agosti, na miezi mingine uziweke trei chini ya mti au wavu wa kivuli mpaka zichomoze.

Mbegu ya kitunguu haihitaji mwanga ili iote. Unaweza kupandanisha trei, ukaweka tupu juu, ukafunika kwa plastiki nyeusi ndani ya chumba cha baridi au kivulini, kamwe si juani. Kuanzia siku ya 4 fungua kila asubuhi na jioni. Mara uonapo shingo za kwanza, sambaza trei zote kwenye mwanga siku ile ile. Miche iliyosahaulika chini ya plastiki kwa siku mbili hurefuka, huwa ya njano na hulala, na haisimami tena.

Mche huchomoza ukiwa umejipinda: shingo hutangulia, ncha bado imo udongoni pamoja na ganda. Usiuvute kuusaidia. Hunyooka wenyewe, ganda jeusi likining'inia kwenye ncha kwa siku kadhaa kisha likaanguka.

Wiki nne hadi sita mezani

Mwanga ndio kwanza. Wavu wa kivuli wa asilimia 30 hadi 50 unatosha wiki ya kwanza, kisha uuondoe asubuhi na jioni, na kufikia wiki ya tatu miche iwe kwenye jua kamili, isipokuwa saa za mchana mkali pwani. Miche inayotunzwa kivulini huonekana mirefu na mizuri, lakini upepo wa kwanza wa shambani huilaza.

Maji yapimwe kwa mkono, si kwa ratiba. Inua kona ya trei: nyepesi, mwagilia, nzito, acha. Uso wa udongo ukipauka ndiyo dalili. Mwagilia asubuhi, mpaka maji yaanze kudondoka chini, ili majani yawe makavu kabla ya usiku. Siku za joto kali huenda ukarudia saa nane mchana. Matundu ya kingoni hukauka kabla ya ya katikati, kwa hiyo yape maji zaidi na zungusha trei kila baada ya siku chache. Trei iliyokauka kupita kiasi, hasa ya kokopiti, hukataa maji kutoka juu. Ikalishe kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita 2 kwa dakika 15.

Chakula kwenye mchanganyiko wenye mboji hutosha wiki mbili hadi tatu. Jani la pili likionekana, anza mbolea ya kuyeyuka ya NPK 19:19:19, gramu 1 kwa lita. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 5, hivyo kijiko kimoja kwa lita 5. Mara moja kwa wiki inatosha, na baada ya kumwagilia suuza majani kwa maji matupu kidogo. Usitupe chembe za mbolea ya CAN au urea kwenye trei. Tundu la trei hii ni la mililita 25 hadi 30 tu, na chembe moja inayoyeyuka humo huunguza mizizi yote ya kundi.

Usipunguzie miche. Atakayekuambia ubakishe mche mmoja wenye nguvu anazungumzia nyanya au kabichi.

Kukata majani kwa mkasi ni desturi ya vitalu vingi. Kama utapandikiza kwa wakati haina haja, na kila jeraha ni mlango wa ukungu. Kama tuta limechelewa na majani yanalala, kata mara moja tu kwa mkasi uliosafishwa, ubakishe sentimita 10, asubuhi ya siku kavu.

Yanayoharibika kwenye trei, na sababu zake

Miche inaanguka ikiwa imenyongeka pale inapotoka udongoni, kwanza kona moja kisha inaenea mduara: hicho ni kinyausi. Huletwa na vimelea vya udongoni, lakini kinachovipa nguvu ni maji mengi, trei chafu na hewa iliyosimama. Ondoa matundu yaliyoathirika pamoja na yanayoyazunguka, acha uso ukauke, tenganisha trei. Dawa ya ukungu huzuia isienee. Haiinui mche ulioanguka.

Ncha zinakauka na kuwa nyeupe trei nzima: ni chumvi au mbolea kali, au trei ilikauka mara moja mchana ukiwa haupo. Mwagilia maji matupu mengi yapite chini, simamisha mbolea kwa wiki. Majani yakiwa ya njano kuanzia yale ya zamani, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Yakiwa ya njano na udongo umelowa wakati wote, mizizi haipati hewa, na mbolea itazidisha tatizo.

Utando wa kijani juu ya udongo ni dalili ya maji mengi. Kwenye tundu lenyewe haudhuru sana, ila hufunga uso maji yasipenye. Uvunje kwa kijiti na punguza kumwagilia.

Kuandaa tuta

Anza wiki mbili kabla ya kupandikiza. Chagua mahali penye jua siku nzima na pasipolimwa kitunguu, kitunguu saumu wala liki kwa misimu kadhaa. Miaka mitatu ndiyo salama. Tifua kina cha sentimita 20 hadi 25. Mizizi ya kitunguu haiendi mbali na huko juu ndiko itakakotafuta kila kitu. Changanya kilo 20 hadi 30 za samadi iliyoiva kwa tuta la mita 10 za mraba, karibu debe mbili hadi tatu, na gramu 150 za mbolea ya DAP. Lainisha kwa reki mpaka mabonge yaishe. Kwa masika inua tuta sentimita 20. Kwa kiangazi lishushe ili maji yakae.

Kitunguu hupenda uchachu wa udongo wa pH 6 hadi 7. Sehemu nyingi za nyanda za juu zenye mvua zina udongo mchachu zaidi ya hapo. Ukipima na kukuta chini ya 5.5, tia chokaa ya kilimo mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda, na usiichanganye siku moja na samadi au DAP.

Kuzoesha na kupandikiza

Miche iko tayari ikiwa na majani mawili hadi matatu na kimo cha sentimita 10 hadi 15, kwa kawaida wiki ya 5 au ya 6 tangu kusia, pwani hata ya 4. Kipimo cha kweli kiko chini: chomoa bonge moja, mizizi myeupe ionekane pembeni pote na bonge lisimomonyoke. Likimomonyoka, subiri siku chache. Mizizi ikiwa ya kahawia na imejizungusha, umechelewa, pandikiza leo.

Siku 7 kabla, simamisha mbolea, punguza maji kidogo bila kuiacha miche inyauke, na iache nje mchana na usiku.

Pandikiza jioni au siku ya mawingu. Mwagilia trei saa moja kabla na lowesha tuta. Sukuma bonge kutoka chini kwa kijiti kinachoenea tundu la chini, kisha lishike bonge lenyewe. Ukivuta majani, shingo hukatika. Toboa shimo kwa mti uliochongwa, weka kundi zima bila kulitenganisha, uso wa bonge uwe sentimita 2 chini ya udongo. Ukitaka sehemu nyeupe ndefu, nenda sentimita 4. Bonge lisibaki likichungulia juu, kwani kokopiti iliyo wazi huvuta unyevu wote wa bonge na kuupoteza hewani. Bana udongo pembeni kwa vidole viwili na mwagilia papo hapo.

Baada ya siku 7 hadi 10 pita uzibe mapengo. Baada ya hapo usizibe tena, kwa sababu kundi jipya litapitwa na jirani zake na kuvuruga siku ya kuvuna.

Tutani

Maji kidogo kidogo na mara kwa mara hufaa kuliko mafuriko ya mara moja kwa wiki. Kiangazi tuta hili linahitaji lita 30 hadi 50 kwa siku, yaani keni tatu hadi tano za lita 10. Matandazo ya nyasi kavu, unene wa sentimita 3 hadi 5 kati ya mistari, hupunguza kazi hiyo sana. Yasigusane na shina.

Palizi ya kwanza ni wiki ya pili au ya tatu. Majani ya kitunguu ni membamba na hayafuniki ardhi hata yakikomaa, kwa hiyo magugu hayatakoma yenyewe. Nafasi ya sentimita 25 kati ya mistari inaruhusu jembe dogo kupita. Ndani ya kundi ng'oa kwa mkono. Wiki ya tatu baada ya kupandikiza tia gramu 100 za CAN kwa tuta zima, kwenye mfereji mdogo kati ya mistari, fukia, mwagilia. Ukitaka shina jeupe, vuta udongo kuelekea kundi wiki mbili tatu kabla ya kuvuna.

Adui mkuu wa kiangazi ni thiripi. Ni wadogo, wa rangi ya njano hadi kahawia, na hujificha pale majani yanapoachana. Majani hupata madoa ya fedha, kisha hupauka. Fungua kwapa la jani la ndani uangalie, au kung'uta kundi juu ya karatasi nyeupe. Hustawi kwenye mimea yenye kiu na vumbi. Kumwagilia kwa kunyunyiza juu asubuhi huwapunguza, na dawa ya mwarobaini inasaidia ukiianza wakiwa wachache na kuielekeza kwapani.

Wakati wa mvua tazama baka zambarau: doa dogo jeupe lililodidimia, linalokuwa zambarau katikati na kuzungukwa na njano. Ubwiri unyoya huonekana asubuhi yenye umande, utando wa kijivu juu ya jani lililopauka. Magonjwa yote mawili hutaka majani yaliyolowa kwa saa nyingi. Katika masika panda kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, sia mbegu 6 badala ya 8, acha kunyunyizia majani, na toa nje ya shamba majani yaliyougua. Kundi lililokatwa usiku usawa wa ardhi ni kazi ya sota, kiwavi anayekata miche: fukua pembeni yake asubuhi, utamkuta amejikunja sentimita chache chini.

Kuhusu viuatilifu, hapa hatuna mzaha. Jani unalolipulizia ndilo linalokwenda kwenye kachumbari, mara nyingi bila kupikwa. Tumia dawa iliyosajiliwa kwa vitunguu tu, vaa kinga, na soma kwenye lebo idadi ya siku kati ya kupulizia na kuvuna. Kama siku hizo zinazidi zilizobaki, usipulizie. Vuna mapema au ng'oa kilichoharibika.

Kuvuna

Wiki 8 hadi 10 tangu kusia sehemu za joto, 11 hadi 13 nyanda za juu, shina litakuwa na unene wa kalamu ya risasi na majani kimo cha sentimita 30 hadi 40. Mwagilia jioni ya kuamkia siku ya kuvuna. Alfajiri, chomeka jembe uma pembeni ya kundi, legeza, kisha nyanyua kundi zima kwa kushika chini karibu na ardhi. Kung'uta, menya jani moja la nje, osha kwa maji safi ya bomba au kisima, si ya mfereji wa shamba. Panga mizizi upande mmoja, funga kwa kamba ya mgomba au raba.

Kwenye joto la kawaida majani huanza kulegea ndani ya siku moja au mbili. Yaweke kivulini, mizizi ikiwa ndani ya ndoo yenye maji ya sentimita 3, na gunia lililolowa juu yake. Usirundike mafungu wima na kulala kwa kuchanganya. Majani yaliyolazwa huendelea kujiinua na hupinda.

Kama umepanda Allium fistulosum kwa matumizi ya nyumbani, unaweza kukata sentimita 3 juu ya ardhi badala ya kung'oa. Mpe kundi maji na konzi moja ya mboji, litachipua tena. Mkato wa pili huwa na shina jembamba zaidi, kwa hiyo kwa soko ni bora kung'oa na kuingiza trei inayofuata kwenye tuta lingine, na tuta lililovunwa upande maharage au mchicha.